Blanketi la Bibi

Bertilla wa Kasense ana miaka arobaini na mmoja, lakini usoni utampa sitini bila kusita. Tangu mumewe Victor afariki, jembe ni lake na jiko ni lake. Mchana kutwa yuko shambani kichwa wazi. Akirudi anainamia pipa la pombe ya ulezi kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi wote unaishia usoni mwake. Usingizi alikuwa anaudokoa tu.

Kilichommaliza kabisa ni mwezi wa saba. Baridi ya Ufipa haina adabu, na asubuhi kila mtu hutoka nje kuota jua. Bertilla, kama wenzake wote, aliamini kwamba jua la kipupwe halimchomi mtu. Mwezi huo watu wa Mbeya walikuwa wanakuja kumtolea mahari binti yake, Faith, na yeye alitaka jambo moja tu: siku hiyo aonekane mama wa bibi harusi. Faith anauza duka huko Chanji. Akamletea mama yake kopo la mkorogo wa kung'arisha ngozi, ule ule anaojipaka mwenyewe.

Kila asubuhi Bertilla akajipaka, akaegemea ukuta, akauelekeza uso juani na kufumba macho kwa raha. Mwanzoni uso uling'aa, majirani wakamtania kwamba anatafuta mchumba. Kisha ukababuka. Ulipopona, mabaka meusi yalikuwa yametanda mashavuni na ngozi imesinyaa.

“Mama, jua la huku juu ni kali hata kama unatetemeka,” nesi Happyness wa zahanati alimwambia. “Na mkorogo umebandua ngozi iliyokuwa inakukinga. Acha leo hii. Vaa kofia pana na mikono mirefu, jua la mchana likukute kivulini. Toboa dirisha jikoni. Na ulale, mama.”

“Nitarudi kama zamani?”

“Haitaharibika zaidi,” nesi alijibu, na Bertilla akaelewa. Alipita sokoni akanunua kofia ya ukindu, akaitundika mlangoni.

Siku ya mahari ikafika. Mama yake Bertilla alishafariki, kwa hiyo blanketi la bibi, lile ambalo wakwe humletea nyanya wa bibi harusi, lilikuwa lipokelewe na shemeji yake Polikarp, msemaji wa familia. Lakini Suma, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mchangamfu asiyesubiri kuelekezwa, alilikunjua akaenda nalo moja kwa moja kwa Bertilla.

“Shikamoo, bibi,” akasema huku akipiga goti, kisha akamfunika mabegani. Wageni wakapiga vigelegele.

Polikarp alifungua mdomo. Bertilla akamshika mkono, maana alimwonea huruma yule mama wa watu.

“Na mama mzazi yuko wapi?” Suma akauliza, ameinua mkaja, kile kitenge cha kumshukuru mama kwa mimba aliyoibeba. “Tumfunge kiunoni.”

Bertilla akamtazama binti yake. Neno moja tu lingetosha. Faith aliwatazama wakwe zake, akautazama ule uso wenye mabaka, akainamia mkeka. Hapo moyo wa Bertilla ulivunjika, na sina namna nyingine ya kulisema.

“Mama yake anaumwa,” akasema. “Nipeni, nitampelekea.”

Wageni walipoondoka, Faith alikuja analia, mkaja mikononi.

“Nisamehe, mama. Simama nikufunge.”

Bertilla hakusimama. Aliusogeza kando mkono wa binti yake, taratibu, bila hasira. Alikuwa anayatazama mashavu ya Faith: laini, yanang'aa, kama yake yalivyong'aa siku zile za mwanzo. Akainuka, akaitungua ile kofia ya ukindu mlangoni, akamvika.

“Kopo lile katumbukize chooni,” akasema. “Na hii usiivue juani, hata baridi iweje. Siku ya kumtolea mwanao mahari, wakufunge mkaja wewe.”

“Na wewe, mama?”

“Mimi nimeshapewa blanketi langu.”

Akalivuta vizuri mabegani, akaenda jikoni kukoka moto.