Shemeji Aliyenyolewa Upande Mmoja

Mama mkubwa wangu ananyoa kwa mikono miwili na mdomo mmoja, na wateja wengi hufuata mdomo. Wanamwita Mama Wembe. Duka lake la kinyozi lina viti viwili, feni inayozunguka kwa kubembelezwa, na foleni ambayo nusu yake haina nywele za kunyoa. Kiti cha kwanza ni chake. Cha pili ni changu, tangu mimi na chuo tulipoachana kwa amani, kila mmoja akibaki na nusu ya diploma.

"Nywele zako zinahama, baba," aliwahi kumwambia mwalimu mmoja mbele ya watu. "Mligombana nini?"

Mume wake alikuwa mpole mpaka unajiuliza walikutana vipi. Alikuwa mpakiaji katika kampuni ya kuuza nyama, kwenye chumba cha baridi chenye mlango mnene kama godoro. Na mtu aliyechukia baridi kuliko baba mkubwa sijapata kumwona. Alilala na soksi hata miezi ya joto kali. Kazini alivaa kofia ya sufu ya kijani aliyofumiwa na mama yake, ikimfunika mpaka nyusi. Asubuhi ya siku yake ya mwisho alipita kwetu kupunguza nywele, akaivua, akaitundika kwenye msumari kando ya kioo, akaondoka ameisahau.

Mlango wa chumba kile ulikuwa umevunjika kishikio cha ndani siku nyingi. Ukijifunga nawe umo, umefungwa. Wapakiaji walilalamika, wakaambiwa kingine kinakuja. Hakikuja. Basi wakajitibu wenyewe: kreti tupu chini ya mlango, usijifunge. Siku hiyo kampuni ilikuwa na wageni. Meneja alipita mbele yao akitaka kila kitu kipendeze, akaliona kreti, akasema ondoeni uchafu huu. Likaondolewa. Baba mkubwa alikuwa ndani. Wageni walitembezwa, wakanywa chai, wakasifu usafi. Mpaka mtu anakumbuka kumtafuta, ilikuwa jioni.

Maelezo ya kampuni yalikuwa mafupi: marehemu aliingia mle kwa hiari yake, kupumzika kwa sababu ya joto, akapitiwa na usingizi.

Mama mkubwa alisomewa maneno hayo akiwa ameketi chini na wanawake wenzake, macho yamevimba. Akainua kichwa.

"Kupumzika? Mimi nikifungua friji kutoa maji, huyu mtu alikuwa anavuta shuka!"

Watu walicheka msibani, wakajiziba midomo, kisha wakalia zaidi.

Aliyeleta maelezo hayo alikuwa ofisa utumishi wa kampuni, mwembamba, suti imembana, mkononi shada la maua pana kuliko mlango wetu. Nyuma ya maua kulikuwa na karatasi. Familia isaini kwamba imepokea rambirambi, imeridhika, haina madai mengine. Aliyetoa kalamu haraka alikuwa Mwenyekiti.

Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu. Hana ofisi, lakini kamati ikiundwa mahali popote, ya harusi, ya msiba, ya kununua taa ya mtaa, utamkuta ameshakaa mbele anasafisha koo.

"Rudisha kalamu mfukoni, shemeji," mama mkubwa akamwambia. Kisha kwa ofisa: "Maua tumepokea, ahsante. Hiyo karatasi nenda nayo, isije ikapata baridi."

Baada ya mazishi akanifunga kamba ya maneno mpaka nikampeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Tulipokewa na wakili msichana mwenye mafua makali, anayeongea huku anapenga kamasi.

"Kuna fidia ya ajali kazini," alisema. "Hiyo mnastahili hata kama hakuna aliyekosea."

"Lakini wamekosea."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana kuna kesi ya madai pia, ya uzembe. Hapo lazima tuonyeshe kwamba kampuni ilijua kishikio ni kibovu ikanyamaza. Wenzake watakubali kusema?"

"Wawili wameshakubali. Wa tatu namnyoa Ijumaa."

Wakili akapiga chafya, nadhani alikuwa anacheka. Akaeleza kwamba upande wa jinai ni wa polisi na mwendesha mashtaka, sisi kazi yetu ni kutoa taarifa na kuwasumbua faili lisilale. Kumalizana nje ya mahakama pia kunaruhusiwa, ila mtu akishasaini kwamba ameridhika, kufungua tena ni shida kubwa. Na kwamba sheria ina muda wake wa kungoja, ukipita umepita.

"Sasa kuna jambo moja," akasema, na akaacha kupenga. "Anayeshtaki kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Familia inakaa, inapendekeza jina, mahakama inathibitisha. Huyo ndiye atakayefungua kesi, na huyo ndiye atakayeweza kuimaliza kwa saini yake. Kwa hiyo angalieni mnampendekeza nani."

Njiani mama mkubwa hakusema neno. Kwake hiyo ni homa.

Kikao cha familia kilipangwa Jumamosi mchana, nyumbani kwa mama mkwe wake. Jumamosi hiyohiyo asubuhi, Mwenyekiti akaingia dukani kwetu. Alitaka kichwa cha kikao: kipara kamili, kinachong'aa. Mama mkubwa akamfunga shuka shingoni, akampaka povu, akaanza upande wa kulia. Mwenyekiti akaanza hotuba.

"Shemeji, leo usihangaike. Mambo ya mahakama ni mazito. Mimi nitabeba usimamizi, wewe pumzika ulee watoto."

"Mkubwa wao ana ndevu, shemeji. Nimlee wapi?"

"Nasema tu. Mwanamke, mahakamani, mawakili wanapiga kelele..."

"Mimi kelele naziogopa sana," alisema mama mkubwa, na foleni nzima ikatazama dari.

Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, safi kama sahani. Simu ya Mwenyekiti ikaita pale mezani. Mikono yake ilikuwa chini ya shuka, sikio lina povu.

"Nipokelee, shemeji, weka sauti."

Mama mkubwa akabonyeza. Sauti ya ofisa utumishi ikajaa chumba, tamu kama mtu anayeuza kiwanja cha mwenzake.

"Mzee wangu! Leo wakupitishe tu. Ukishathibitishwa tunasaini, tunafunga faili. Ile yako ya pembeni iko palepale, wala hatujamwambia mtu."

Feni peke yake iliendelea na kazi. Mwenyekiti akasema, "Haloo? Nakupigia," lakini hakuwa na mkono wa kukata simu, ikabidi akatiwe na shemeji yake.

Mama mkubwa akafuta wembe kwenye taulo polepole. Akaukunja. Akauweka kwenye droo. Akafunga droo.

"Shemeji, bado upande mmoja," Mwenyekiti akasema.

"Nauona."

"Usinielewe vibaya, nilikuwa nawavuta ili waongeze..."

"Waongeze nini? Ndugu yako alikufa anagonga mlango. Mlango, shemeji. Alikuwa anagonga, na watu wanakunywa chai. Wewe unavuta nini hapo?"

"Basi nimalizie, nitaeleza kwenye kikao."

"Utaeleza hivyohivyo ulivyo. Amka, kiti kina foleni."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikasema mashine yangu imeharibika. Ilikuwa mkononi mwangu, inanguruma.

Akavua shuka kwa hasira, akajitazama kiooni, upande mmoja yai, upande mwingine shamba la mvi. Akaangaza ukutani, akachomoa kofia ya kwanza aliyoiona kwenye msumari, akaivuta mpaka masikioni, akatoka. Nilidhani mama mkubwa hakuiona ni kofia gani. Aliiona. Alisimama akiutazama ule msumari mtupu, kisha akasema, "Mwache. Aende nayo."

Sebuleni kwa mama mkwe tulibanana kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa ameshakaa mbele, jasho linamtiririka, maana nani anavaa sufu mchana wa jua? Akasafisha koo. Alikuwa amefika kwenye "umoja wa familia yetu" pale mama yake, bibi mdogo wa umbo anayeketi pembeni na kuonekana kama anasinzia, alipoinua mkono.

"Hiyo kofia umeitoa wapi?"

"Mama, tuko kwenye kikao."

"Nimekuuliza. Hiyo niliifuma mimi. Nilimfumia mwenzako kwa sababu ya baridi ya huko kazini. Vua."

"Mama..."

"Vua kofia ya mwanangu!"

Akavua.

Mjomba mmoja alicheka mpaka kiti kikaacha mguu. Watoto dirishani wakaitana. Ila bibi hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa kofia, akaiweka mapajani.

"Nani amekuachia kichwa hivyo?"

"Mimi, mama," mama mkubwa akasema, akasimama. Akaeleza simu, neno kwa neno, hata ile sauti tamu akaiigiza. Mwenyekiti alijaribu kukatiza mara mbili, lakini ni vigumu kumsikiliza kwa makini mtu mwenye kichwa cha aina ile.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa baba mdogo wa marehemu, dereva wa lori mstaafu, mtu asiyependa makuu.

"Mke wetu, tumekusikia. Lakini wale wana pesa na mawakili. Ukishindwa je? Si bora hicho kidogo cha leo?"

"Baba, naweza kushindwa," alisema. "Wakili hakunificha. Itachukua muda, nitafunga duka siku za kesi, nitatukanwa. Lakini mkisaini leo, mnasaini kwamba alikwenda kulala. Nendeni mkamtazame yule mtu wa soksi usoni, kwenye picha ile pale ukutani, mmwambie alikwenda kulala kwenye barafu bila kofia yake. Mimi siwezi. Na madai si yangu peke yangu. Watoto wamo. Mama naye yumo, alikuwa anatunzwa na mwanawe. Siombi sadaka ya mtu. Nataka yule aliyeondoa kreti asimame mbele ya hakimu aulizwe kwa nini, na mimi niwe nimekaa pale namtazama."

Bibi alikuwa anapapasa ukingo wa kofia kama anatafuta uzi uliofumuka.

"Andikeni jina la mke wa mwanangu," akasema. "Na wewe," kwa Mwenyekiti, "utasaini chini kwamba umekubali."

Akasaini. Mkono mmoja kalamu, mkono mwingine umefunika upande wa mvi.

Tulipokuwa tunatoka bibi akamwita mkwewe mlangoni. "Mwanangu, basi kammalizie. Ni aibu ya nyumba nzima."

"Nitammalizia, mama. Jumatatu. Apange foleni."

Na Jumatatu alipanga. Alikaa kwenye benchi toka tunafungua, watu wanne mbele yake, wote wakidai wanataka kukatwa kwa utaratibu, bila haraka.

Mahakama ilimthibitisha mama mkubwa. Kesi imefunguliwa, fidia ya kazini inafuatiliwa kando, na taarifa iko polisi, ambako mama mkubwa huenda kuiamsha kila duka linapokuwa tupu. Wapakiaji wote watatu wameandikisha walichokiona. Kofia iko kwa bibi.

Wiki iliyofuata baada ya kampuni kupelekewa hati ya madai, ofisa utumishi alisimama kwenye kizingiti chetu, suti ileile.

"Mama, nimekuja tuongee kibinadamu. Haya mambo hayahitaji kufika mbali."

Mama mkubwa alimtazama. Akakung'uta shuka, nywele za mteja aliyetoka zikaruka. Akakigeuza kiti kimtazame mgeni. Akafungua droo, akautoa wembe, akaukunjua taratibu.

"Karibu, kaa. Tuongee."

Ofisa akautazama wembe. Akakitazama kiti. Akasema hapana haja, yeye ataongea akiwa amesimama.

"Kama unapenda kusimama," mama mkubwa akasema, akimwita anayefuata kwa kidole, "tukutane mahakamani. Kule watakusimamisha mpaka useme nani aliliondoa lile kreti."