Jembe Ndani ya Gunia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na minne amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, anaviringisha gunia kwenye jembe. Anaanza na chuma, anapanda hadi mwisho wa mpini, kisha anafunga kamba mara mbili. Akimaliza, kitu hicho kinaweza kuwa mzigo wa kuni au mwavuli mbovu, chochote kile isipokuwa jembe.

"Hebu chungulia njia," anamwambia mumewe.

Mumewe anaweka kikombe cha chai chini, anatoa kichwa nje, anatazama kushoto na kulia. "Hakuna mtu," anasema. "Ila nakwambia, mama, hata wezi wa kuku hawahangaiki hivi."

Mkewe anautia mzigo kwapani. Anatokea mlango wa nyuma, anapita katikati ya migomba, anakwenda shambani kwake kwa njia ya mzunguko inayomchukua nusu saa. Barabara ya kawaida ingemfikisha kwa dakika kumi.

Majirani humwita Mama Msimu, na jina hilo hakujipa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akipanda mahindi siku ambayo mvua, kwa hakika, imeanza. Hakuwahi kukosea kiasi cha kutia hasara. Watu wakaacha kuhesabu siku, wakawa wanamwangalia yeye. Akitoka na jembe begani, kijiji nacho kinatoka.

"Nilikuwa najiona mtu," anasema huku akicheka kidogo. "Sasa nikiulizwa leo siku gani, nafikiri kwanza."

Chini ya kitanda chake kuna ndoo yenye mfuniko, na ndani yake mna kilo kumi na mbili za mbegu. Ndizo zote alizobakiwa nazo. Zimepakwa dawa, kwa hiyo hata njaa ikibisha hodi haziwezi kupikwa. Zikiingia ardhini siku mbaya, hana nyingine, na nyumba itakaa mwaka wa pili bila mavuno ya kutosha.

Wiki hii mvua imenyesha mara mbili. Hilo ndilo linalomchanganya, kwa sababu msimu uliopita pia ilinyesha mara mbili, kisha ikaaga.

"Redio inasema subirini. Ujumbe kwenye simu unasema andaeni mbegu. Magoti ya mume wangu yanasema mvua iko mlangoni," anaeleza. "Nimsikilize nani? Nikaona bora magoti, maana hayo angalau naishi nayo. Lakini nayo juzi yaliuma, na jua likawaka mpaka jioni."

Kuhusu kilichotokea msimu uliopita, kila mtu kijijini ana namna yake ya kukisimulia. Yeye anakisimulia taratibu, kama mtu anayetafuta alipoangusha ufunguo.

Ilikuwa Jumanne. Mvua mbili zilikuwa zimenyesha, vumbi limetulia, lakini udongo wa chini bado mkavu. Hakuwa na mpango wa kupanda. Mpini wa jembe lake ulikuwa umepata ufa, akaliweka begani, akakatiza barabara kuu ya kijiji mpaka kwa fundi wa mipini aliye karibu na mashine ya kusaga. Akasalimia watu njiani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Fundi analikumbuka jambo hilo vizuri. "Alikaa kwangu asubuhi nzima. Kila mpini anaukataa, huu mzito, huu umepinda. Nikamtania, mama, mchagua jembe si mkulima. Kumbe tunataniana huku wenzetu wanamaliza mbegu."

Aliporudi saa sita mchana, akashangaa. Mashamba yote yalikuwa yamejaa watu walioinama. Kaya thelathini na moja zilikuwa zinapanda siku hiyo, kwa hesabu ya bwana shamba.

"Nikajiuliza, wamesikia nini ambacho mimi sikukisikia? Nikaona aibu kuuliza. Mama Msimu mzima nikaulize watu kama mvua imekuja? Nikanyamaza. Kesho yake alfajiri na mimi nikapanda. Sikupima hata udongo."

Mvua haikurudi kwa siku ishirini na nne. Kila asubuhi alikuwa akifukua shimo moja kwa kidole kuitazama mbegu. Siku ya tano aliikuta imevimba. Siku ya tisa ilikuwa imetoa kijimzizi cheupe. Siku ya kumi na tatu kile kijimzizi kilikuwa kimekauka, na yeye akakaa chini palepale katikati ya shamba.

"Nililia. Sitaki kukudanganya kwamba nilijikaza," anasema.

Alipanda tena, amechelewa. Ekari mbili zilizozoea kumpa magunia kumi na sita zikampa mawili na nusu.

Ukweli ulijulikana kwenye mkutano na bwana shamba, pale alipowauliza wakulima kwa nini walipanda kwa mvua mbili tu. Vidole vyote vikamwelekea mwanamke mmoja. Tulimwona na jembe, wakasema.

"Nikawaambia, mimi niliwaona ninyi. Nilikuwa napeleka jembe kutiwa mpini."

Anasema mzee mmoja ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikaenea kama kikohozi. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, na baadhi yalikuwa machozi ya kweli. Mtu mmoja hakucheka. Jirani wa shamba la kando, anayeitwa Mama Pacha, alisimama, akajifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaondoka.

Mama Pacha alivuna debe moja tu msimu ule. Watoto wake wawili, pacha wa miaka minane, aliwapeleka kwa bibi yao wakale huko. Tangu mkutano ule, miezi tisa sasa, salamu ya Mama Msimu haiitikii.

"Hapo ndipo akili yangu inapokwama," anasema Mama Msimu. "Usiku nasema, kosa si langu, mimi nilibeba jembe langu tu. Asubuhi nasema, kosa ni langu, ningewauliza pale pale wangeacha. Mchana sijui tena. Hivi mtu anaweza kuwapoteza watu na yeye akapotea nyuma yao?"

Mumewe alilipokea pigo hilo kwa njia yake. Aliacha kuzungumza. Kwa miezi miwili alikuwa akifungua redio ileile, anapanga vipande vyake mezani na kuvirudisha, ingawa redio haikuwa mbovu. Sasa amerudi kwenye utani, na mkewe anasema utani huo ndio unaomsaidia kumeza chakula.

Bwana shamba anasema hayo si ya nyumba moja. "Zamani watu walikuja ofisini kuniuliza dawa ya viwavi. Siku hizi wanakuja kukaa tu. Mmoja alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, namuuliza nikusaidie nini, ananiambia, hapana, bwana shamba, nimekuja tu nisikae nyumbani. Mimi nilifundishwa mbolea, hili la kukaa na mtu sikufundishwa."

Shambani, Mama Msimu anafungua gunia na kuchimba shimo jembamba. Anaingiza mkono. Kipimo chake cha miaka yote ni unyevu ufike kiwiko. Leo umefika katikati, kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Anautoa mkono, anautazama, anauingiza tena kana kwamba jibu litabadilika.

"Jirani, hilo gunia lina mpini."

Sauti inatoka mpakani. Ni Mama Pacha, ameketi juu ya kichuguu kidogo, mikono magotini. Mama Msimu anabaki amepiga goti, mkono umo shimoni.

"Umekaa hapo tangu lini?" anauliza.

"Leo au wiki nzima?" anajibu Mama Pacha. "Unadhani unamficha nani? Kijiji kizima siku hizi hakiangalii jembe. Kinaangalia gunia."

Mama Msimu analitazama gunia lililo kando ya shimo. Siku saba za kuzunguka migombani zinapita usoni mwake.

"Utapanda?" anauliza Mama Pacha.

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kuniambia?"

"Sijui, shoga yangu. Kweli sijui."

Mama Pacha anang'oa jani, analichana vipande. "Mwaka jana ungeniambia hivyo, watoto wangu wangekuwa nyumbani."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukutuuliza."

Kisha Mama Msimu anasogea kando ya shimo lake na kumwonyesha kwa kidevu. Mama Pacha anavuka mpaka, anapiga magoti, anaingiza mkono mpaka karibu na bega, anafumba macho.

"Unaonaje?" anauliza Mama Msimu.

"Mimi nimezoea kukuangalia wewe," anasema Mama Pacha. "Kumbe huku ndani hakuna maandishi." Anautoa mkono, anautazama kama mwenzake alivyofanya. "Hata mimi sijui."

Wanaanza kucheka, mmoja kwanza, halafu mwingine, kila mmoja na mkono mmoja wenye tope. Kicheko kinaisha kwa Mama Pacha kujifuta macho kwa mkono mwingine.

Wanachoafikiana ni kidogo. Kila mmoja atapanda nusu ya mbegu zake leo, na nusu ataifungia ndani mpaka unyevu ufike kiwiko. Wanapita migombani kuzifuata nyumbani, kisha wanarudi kupanda. Bwana shamba, akiambiwa baadaye, anasema si ushauri mbaya, kisha anakiri kwamba naye hana mwingine.

Saa tisa alasiri Mama Msimu anarudi nyumbani. Mgongo unamuuma, kucha zimejaa udongo, na mawingu ya asubuhi yameondoka yote bila kuaga. Safari hii anapita barabara kuu, jembe begani, gunia amelikunja chini ya kwapa. Watu wanatoka milangoni. Wa kwanza kuuliza ni fundi wa mipini.

"Mama Msimu, tupande?"

"Nimepanda nusu," anajibu. "Na sijui. Nenda kachimbe shimo, utie mkono, kisha uje uniambie."

Analirudia jibu hilo nyumba kwa nyumba, mpaka linamzoea mdomoni. Wengine wanaguna. Mmoja anamwambia siku hizi amekuwa bahili wa maneno. Lakini mzee yule aliyeanza kucheka mkutanoni anachukua jembe lake na kwenda kuchimba.

Nyumbani anafua gunia na kulianika uani. Akiulizwa anatarajia nini, hatazami angani tena. Anatazama lile gunia linavyochuruzika maji.

"Zikiota, na zikikomaa, gunia la kwanza si langu," anasema. "Nitalijaza hili, nilipeleke kwa Mama Pacha, tukawachukue wale watoto wote wawili. Zisipoota, nitakwenda hivyo hivyo kumsalimia. Sasa hivi ananiitikia."