Damu ya Mrija wa Bluu

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi wa kliniki za kusafisha damu nilifika ofisini Jinja kabla ya mfagizi, nikakaa kwenye ngazi na mkoba magotini. Nilikuwa nimetoka kuwauguza wagonjwa wa figo kwa miaka kumi na minne, humo humo mjini, na nilidhani hakuna cha kunishangaza. Mkaguzi Mkuu alikuwa mzee aliyepata kuwa tabibu jeshini, na kila mtu alimwita Afande. Alinitazama kuanzia viatu mpaka ushungi.

"Wewe Hajati, unapenda watu?" aliniuliza.

"Napenda, Afande."

"Hiyo mbaya. Hapa unapenda mgonjwa tu. Hawa wengine wote unachunga. Ukiingia kliniki usianze na ofisi, huko watakupa soda. Enda kwa maji kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa kijana asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Figo zikishindwa, taka na maji hubaki mwilini, na mtu hulishwa sumu na mwili wake mwenyewe. Mashine humfanyia kazi ya figo. Damu hutoka mkononi kwa mrija wenye alama nyekundu, hupita kwenye chujio, kisha hurudi mwilini kwa mrija wenye alama ya bluu. Mgonjwa hukaa kitini saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, na hana likizo. Upande wa pili wa chujio hupita maji mengi, na yakiwa bado na klorini ya bomba huziharibu chembe za damu. Kwa hiyo kila kliniki hupima klorini asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa, na kuandika matokeo kwenye daftari.

Kliniki yangu ya kwanza kuikagua ilikuwa Jinja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha maji, nikafungua daftari. Lilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza. Ilikuwa Jumatano, na klorini ilikwisha kupimwa mpaka Jumamosi.

Nilimwita msimamizi. Hakuona hata haya. "Hajati, sisi tunajaza mapema ili tusisahau," alinijibu, tena kwa fahari, kana kwamba nimpe zawadi.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kushuku, na sikupona. Sikunywa chai ya mtu ninayemkagua. Nilipitia mlango wa nyuma. Nilihesabu machujio yaliyotupwa nikayalinganisha na idadi ya wagonjwa, maana wapo waliotumia chujio moja kwa watu wawili wakadhani sitaingiza mkono pipani. Saa ya ukutani sikuiamini. Nilitumia ya mkononi mwangu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata maziwa nyumbani nayanusa mara mbili, mara ya pili nikimtazama yeye.

Lugha nayo ilinisaidia. Kwetu Mbale ni Waislamu wa dukani, Kiswahili tumekinyonya. Lakini wazee wengi wa Uganda walikisikia kwanza kinywani mwa askari. Nikiingia wodini na kusalimu kwa Kiswahili, wapo waliokaa wima kitini wakaanza kujibu maswali ambayo sijayauliza. Sikuona vibaya. Hofu kidogo, niliwaza, hutoa ukweli. Leo najua kwamba mara nyingi hutoa tu jibu la haraka.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbale, chini ya Mkurugenzi wa Kanda, daktari mama mpole ambaye sauti yake ungelazimika kuiinamia. Kliniki niliyoanza nayo ilikuwa katika jengo jipya njia ya kwenda Malukhu. Msimamizi wake alikuwa Sista Nambozo, niliyemfundisha mwenyewe zamani alipokuwa muuguzi mwanafunzi wodini kwangu Jinja. Alinipokea kwa kunipigia magoti, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye mwalimu wangu. Kila kitu mnachoona hapa ni yeye."

Nikasema moyoni, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai aliyoleta niliiacha ikapoa.

Nikafungua majalada. Kuna kipimo kimoja kinachosema kama mgonjwa amesafishwa sawasawa. Huchukuliwa damu kabla ya mashine na baada yake, ikaangaliwa taka moja iitwayo yurea. Ikipungua kwa thuluthi mbili hivi, kazi imefanyika. Kwa Nambozo ilikuwa ikipungua karibu yote, kwa kila mgonjwa, kila mwezi. Hata mashine iliyotoka kiwandani jana haifiki huko.

Kisha nikaenda kuwaangalia wagonjwa wenyewe. Kiti cha karibu na dirisha alikaa Bwana Mutiso, Mkenya aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka figo zikamshusha, sasa anauza matairi Malukhu. Uso ulimvimba, na kwenye kiti chake kulikuwa na kibeseni cha kutapikia.

"Hajati, daktari amesema damu yangu iko safi kabisa," aliniambia. "Kutoka mwezi ujao nitakuwa nakuja mara moja tu kwa wiki. Tajiri wangu wa zamani ameniwekea lori la kwenda mpakani Malaba. Si Mungu ni mwema?"

"Na kutapika huko?"

"Aah, hiyo labda ni malaria. Chakula tu ndicho kinanuka chuma."

Nilitoka nje. Chakula kunuka chuma, kutapika, mwili kuwasha, zote ni dalili za taka iliyojaa damuni. Kama namba zile zilikuwa za uongo, mara moja kwa wiki ingemuua, na yeye angeenda kufa akishukuru.

Nilikuwa na wiki tatu kabla mwezi haujageuka. Nilimshuku Nambozo kwamba anaandika namba kutoka kichwani, nikaenda maabara. Namba za maabara zililingana na za jalada. Nikaishuku maabara kwamba wanakula pamoja, nikapeleka sampuli Jinja; jibu likarudi lile lile. Nikashuku saa wanazokaa kitini, nikakaa na saa yangu. Saa nne kamili, dakika juu. Nikapima maji. Nikaipanda mizani ya wagonjwa mwenyewe, nikagombana nayo kwa sababu nyingine. Nilikuja bila taarifa mara tatu, na mara zote Nambozo alinipigia magoti. Unyenyekevu wake ukanitia hasira. Nilisema huyu ni mwizi aliyekomaa.

Nikaandika ripoti kwamba asimamishwe kazi kwa kughushi. Mkurugenzi aliisoma yote, akavua miwani.

"Hajati, umeangalia maji, mizani, saa, mpaka mapipa. Damu yenyewe umeiona ikichukuliwa?"

"Ile ya mwanzo nimeiona. Ya mwisho huchukuliwa saa kumi zamu ikiisha, nami huwa nimeshakwenda kuswali alasiri. Ndiyo nasema, Daktari, wananingoja nitoke!"

"Au wanakuheshimu, hawataki kukuchelewesha. Alasiri si ina nafasi mpaka jua lizame? Kesho chelewa kidogo."

Kesho yake adhana ilipotoka msikitini sikuondoka. Nambozo aliniangalia kwa mshangao, lakini hakusita. Alichukua sindano, akafuta kwa spiriti, akaichoma kwenye mrija wa bluu wa Bwana Mutiso.

"Kwa nini huko?" Sauti yangu ilitoka kali, Bwana Mutiso akafumbua macho.

"Huko wapi, Hajati?"

"Bluu! Kwa nini unachukua bluu?"

Alinitazama kama mtoto anayeulizwa jina lake. "Si ni wewe ulitufundisha? Kule Jinja. Ulisema ile nyekundu inavuta hewa, mtu asiguse, achukue bluu. Mimi sijawahi kuchukua kwingine. Na hawa wote nimewafundisha hivyo."

Mrija wa bluu unabeba damu iliyotoka chujioni sekunde hiyo hiyo. Kuipima hiyo ni kama kuichukua nguo moja iliyotoka sasa hivi kwenye beseni la maji safi ukasema kapu zima limefuliwa. Damu ya kweli, ile iliyo mwilini, hutoka mrija mwekundu, baada ya kuipunguza kasi pampu ya mashine na kusubiri kidogo. Na ni kweli nilisema. Siku moja mashine ilipiga kelele ya hewa, mwanafunzi mmoja akiwa na sindano kwenye mrija mwekundu, nikashikwa na hofu, nikatoa amri hiyo. Amri ya siku moja nikaiacha iwe sheria. Mimi mwenyewe niliifuata mpaka nilipoacha uuguzi, na nilipokuwa mkaguzi sikumkagua aliyewafundisha, kwa kuwa alikuwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekwenda kupekua nguo za watu.

Nilipunguza pampu, nikasubiri, nikachukua damu kwa mkono wangu mwenyewe. Jibu la maabara lilisema taka ya Bwana Mutiso haikupungua hata nusu. Badala ya mara moja kwa wiki, ikawa mara tatu, na mshipa wa mkononi ukarekebishwa maana ulikuwa umeziba nusu. Nilikwenda kumweleza mwenyewe.

"Kwa hivyo lori basi," alisema.

"Lori basi, Bwana Mutiso. Utaishi, lakini hapa hapa."

Kisha akauliza nani alikosea. Nikamwambia ni mimi. Alitikisa kichwa, akageuka dirishani, na kwa wiki mbili hakunisemesha. Leo yu hai, anauza matairi, na kila sikukuu ya Idi hunipigia simu.

Ripoti ya Nambozo niliichana. Niliandika nyingine yenye jina langu, na barua kwa kila kliniki walikokwenda wanafunzi wangu. Mkurugenzi aliniuliza kama najua itaingia kwenye jalada langu la kustaafu. Nikasema iingie. Nambozo nilimwomba msamaha mbele ya wauguzi wake. Alilia yeye, sikulia mimi, maana sikuwa na haki hiyo.

Nilistaafu mwaka jana. Wakaguzi vijana huja kwangu wakitaka niwafundishe kushuku. Nawaambia washuku, wasiache, nchi hii bado ina madaftari yaliyojazwa mpaka Jumamosi. Ila mgonjwa akikwambia anaumwa na karatasi ikasema mzima, anza kuishuku karatasi, hata ikiwa na saini yako.

Hilo sikulisoma chuoni. Miezi michache baada ya kustaafu nilikwenda Masese, ufukweni, kwa mjane wa Mzee Waiswa. Mumewe alikuwa mvuvi na mgonjwa wangu nilipokuwa muuguzi Jinja. Damu yake nilikuwa nikiichukua mimi, na namba zake zilikuwa nzuri mpaka wiki aliyokufa. Nilimkuta mama huyo anapara samaki. Nilimweleza yote, mrija kwa mrija, nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Hakuacha kupara mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka kisu chini.

"Alikuwa anajikuna na gunzi ya mahindi mpaka shuka inakuwa damu," alisema. "Mimi nilikuja kwako, nikakuambia. Wewe ulinionyesha karatasi. Ulisema ni mimi natia yeye wasiwasi, na mimi nikarudi nyumbani nikamgombeza."

Akaokota kisu, akachukua samaki mwingine.