Mikato Miwili Sikioni

Kabale alipenda vitabu vya upelelezi kupita kiasi, wacha nikwambie. Katika mtaa mzima wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, mwaka huo wa 1978, usingempata muuza maziwa mwingine aliyebeba riwaya ndani ya kikapu. Alikuwa amefika darasa la saba, na kila asubuhi, akina mama wakingojea lori la maziwa kutoka Garbatulla, aliwasomea kurasa chache, akizigeuza kuwa Kiborana papo hapo.

Kisha akapata kile kitabu cha muuaji wa Isiolo. Isiolo yao! Mnunuzi wa ng'ombe anauawa karibu na soko la mifugo, mpelelezi anatumwa kutoka Nairobi, kila mtu anashukiwa. Wengine walianza kuja hata siku ambazo hawakuwa na haja ya maziwa, wausikie tu mji wao ukisomwa. Kabale akavimba kichwa kwa raha.

Raha hiyo ndiyo iliyomponza. Jumatatu alifika pale mpelelezi anapomkuta fahali wa muuaji, sikioni ana "alama ya ajabu". Kitabu hakikueleza zaidi ya hapo. Alama ya ajabu! Nani Isiolo angeridhika na maneno hayo, wakati kila boma lina mkato wake wa sikio na watu wanautambua kuliko sura ya jirani? Ulimi ukamteleza Kabale, akasema: sikio la kushoto, mikato miwili nchani na tundu kwenye shina. Alikuwa ameiona alama hiyo asubuhi ileile akipita sokoni, wala hakujiuliza ni ya nani.

Mako, jirani yake aliyepakana naye ukuta, akachukua mitungi yake mitupu akaondoka bila kuaga. Alama hiyo ilikuwa ya ng'ombe wa mumewe, Dida.

Wallahi, maneno ya mji huu yana miguu. Miaka miwili nyuma mnunuzi mmoja alikuwa ameokotwa amekufa kwenye barabara ya Kinna, na aliyemuua hakujulikana. Sasa watu wakaona wamejulishwa. Kitabu kimepigwa chapa, serikali imekiruhusu, kingesemaje uongo? Jumatano hakuna aliyegusa ng'ombe wa Dida sokoni. Alhamisi wazee wakaamua kwamba Ijumaa, baada ya swala, Dida aape mbele ya watu kuwa hajamwaga damu ya mtu. Kumwapisha mtu mzima hivyo ni kumvua nguo hadharani. Aape, asiape, jina lake limekwisha.

Chakula kilimshinda Kabale. Akinyamaza, Dida anaaibishwa kwa uongo wake yeye. Akisema, nani atakaa tena kumsikiliza? Aliogopa, na aliona haya kwamba nusu ya hofu yake ilikuwa ya kukosa wasikilizaji wa kitabu, si ya Dida.

Ijumaa aliwakuta wazee nje ya msikiti. Dida alikaa peke yake upande mmoja, na Mako alisimama mbali na akina mama. Salaam aleikum ilimtoka Kabale kwa shida. Akawapa kitabu, ukurasa umekunjwa pembe, na mwalimu mmoja akausoma kwa sauti. Alama ya ajabu, basi.

"Hiyo mikato nilitia mimi," Kabale akasema. "Hii kitabu haijui ng'ombe ya mtu yeyote hapa."

Wazee walimkaripia mpaka akatamani ardhi immeze. Dida akainuka, akafunga kikoi chake vizuri, akaenda nyumbani bila kumtazama.

Jumamosi Kabale alingoja lori akiwa amekificha kitabu chini kabisa ya kikapu. Mako akaja, akaketi mbele yake.

"Toa kitabu," akasema.

Kabale akajibu kwa sauti ndogo kwamba alidhani hawataki tena.

"Mimi nataka kumjua muuaji. Lakini fahali yake bado haina alama, si ndiyo? Basi tia ya ng'ombe ya baba yako."

Akina mama wote wakamgeukia Kabale. Baba yake, mzee Ado, alikuwa sokoni saa hiyohiyo na mafahali wanne wa kuuza. Kabale akafungua ukurasa.

"Sikio la kulia," akaanza, akatupa jicho upande wa soko.

Mako akagonga kitabu kwa kidole.

"Sikio la kulia. Mkato mmoja mrefu, mpaka katikati."

Lori likafika, likapiga honi, na hakuna aliyeinuka.