Sala ya Macho Wazi

Mwezi mzima nilimgombeza mke wangu kwamba sabuni aliyoninunulia ndiyo inayoninyonyoa nywele. Daktari wa Mbinga hata hakuitazama hiyo sabuni. Alisema upara wa mwanamume mara nyingi hurithiwa, na huenda sigara zangu na kukosa usingizi vinauharakisha. Kisha akauliza, "Wajomba zako wana nywele?"

Sikujua. Mjomba wangu wa Mbuji sikuwahi kumwona bila kofia. Aliivua wakati wa sala tu, na sisi watoto tulifundishwa kufumba macho.

Nikapanda hadi kijijini kwake Mbuji. Nikamwamkia, ugali ukaletwa, na bado sikuthubutu kumwambia mzee avue kofia.

"Tusali," akasema. Tukavua kofia zetu. Kwa mara ya kwanza maishani sikufumba macho.

Kichwa chake kiling'aa kuanzia kwenye paji hadi utosini, na nywele chache zilizobaki zilizunguka masikio, kama zangu kabisa. Nikashusha macho. Yake pia yalikuwa wazi, yanakitazama kichwa changu.

"Amina," akasema, akavaa kofia. "Na wewe pia ulimsingizia mkeo, kama mimi?"