Fundi Sulemani hapimi gari tupu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaa wa Majengo mjini Nyeri, ukungu bado umelalia mabati. Sulemani Feruzi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anasimama mbele ya gari jekundu la milango miwili. Hafungui mlango wala haulizi ufunguo. Anatandaza kiganja chake juu ya boneti na kukiacha pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Boneti ni baridi. Sulemani anatikisa kichwa kwa kuridhika. Angelikuta vuguvugu angekwenda zake nyumbani kunywa chai, kwa maana gari lililoamshwa kabla ya mnunuzi kufika lina jambo linalofichwa.

"Gari ni kama mtu," anasema. "Mwone akiamka. Mchana kila mtu ni mzuri."

Kazi yake ni kuwachagulia watu magari. Hauzi, hanunui, na hapokei hata kikombe cha chai kutoka kwa muuzaji. Mnunuzi humlipa shilingi ishirini, jibu likiwa ndiyo au likiwa hapana. Siku nyingine hutengeneza breki na klachi chini ya mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba yake. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi mia sita, nao mwezi mbaya hausemi.

Mwaka huu wa 1977 miezi imekuwa mizuri. Bei ya kahawa imepanda kuliko ilivyowahi kupanda, na malipo yalipotoka Januari, vijana wa Tetu, Othaya na Mathira waliteremka mjini kununua magari. Walinunua jua likiwaka, njia ngumu kama sakafu, na kila mmoja alitazama jinsi gari litakavyoonekana limesimama nje ya kanisa Jumapili.

Kisha ikaja Aprili na mvua ndefu, ile ambayo Wakikuyu huiita mvua ya njahi. Sasa mtu akishuka kutoka Nyeri kwenda vijijini anayaona magari ya Januari yamepangwa kando ya barabara kubwa, yamefunikwa nailoni, yakingoja Juni. Wenyewe wanapanda mlima kwa miguu.

Ndiyo maana Sulemani hapimi gari wakati wa kiangazi. Mtu akimjia Januari humwambia arudi Aprili. Wengi hukasirika na kwenda kwa mafundi wengine. Ngendo alirudi.

Ngendo Muriithi ana miaka ishirini na minne. Ni muuguzi katika zahanati moja huko Sagana, na kwao ni Wamagana, ambako mama yake amebaki na shamba la kahawa na ng'ombe wawili. Amejifunza kuendesha gari mwaka jana, na kwa miaka minne amekuwa akiweka akiba kutoka mshahara wake mpaka akafikisha shilingi elfu nane. Hana nyingine nyuma yake. Akikosea, itambidi aanze upya akiwa na miaka karibu thelathini.

Siku ya kwanza alipofika, Sulemani alimwuliza atawabeba akina nani.

"Mimi mwenyewe," alijibu.

Sulemani anacheka akilikumbuka jibu hilo. Kila kijana humpa lilo hilo. Alimkalisha kwenye kigoda akamhesabia: mama, shangazi, magunia ya mbolea, makopo ya maziwa siku lori la chama cha ushirika litakapokosa kuja, mgonjwa wa jirani, na bibi harusi wa ukoo mzima, kwa maana gari la kwanza katika kijiji halina mwenyewe. Akamwambia siku ya kupima awalete wale wale watakaopanda, pamoja na mizigo yao.

Hiyo ndiyo desturi ya Sulemani, naye hakuisoma mahali. Aliinunua kwa fedha zake.

Ilikuwa mwaka wa 1964. Walowezi walikuwa wakifunga virago, na karibu kila Jumamosi kulikuwa na kitu kinauzwa shambani kwa mtu: meza, matandiko ya farasi, jenereta, magari. Sulemani alikuwa mtu mwenye kifua, amejifunza ufundi kwa Mhindi mmoja aliyempa spana ya kwanza baada ya miaka miwili ya kufagia. Baba yake alikuwa ametoka upande wa Tabora, akafika Nyeri kama mpishi wa askari na asiondoke tena. Mama yake alikuwa Mkikuyu wa hapa hapa. Katika ukoo wote hakuna aliyewahi kumiliki kitu chenye injini.

Alinunua gari jeupe, la chini, lenye viti vya ngozi na usukani wa mbao. Anaposimulia habari zake, sauti yake hulegea.

"Siku ya Jamhuri, Desemba, nilimvalisha Mwanasiti leso mpya nikamzungusha mji mzima," anasema. "Tulipita mbele ya posta mara tano. Mara tano, wallahi. Polisi wa kona akatupigia saluti, akidhani mkubwa fulani anapita. Siku zile mtu ukimsalimia mtu hujui unamsalimia karani au waziri. Sote tulikuwa wapya."

Mkewe, Mwanasiti, anayekaanga mandazi pembeni, anasema yeye anakumbuka mara nne. Ya tano petroli iliisha, wakasukuma.

Aprili iliyofuata, mdogo wake Sulemani aitwaye Dawud alikuwa anaoa Kutus. Sulemani akaapa kwamba bwana harusi hatapanda basi. Aliwapakia watu saba, sufuria mbili na gunia la mchele. Mpaka Sagana walikwenda wakiimba. Walipoiacha barabara kubwa na kuingia udongo mweusi wa Mwea, gari jeupe lilikaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Injini ilikuwa nzima na gia zilikuwa nzima, lakini tumbo la gari lilikuwa limelala juu ya tope na magurudumu yalizunguka bure.

Dawud alifika kwa wakwe zake juu ya trela la mpunga, kanzu yake nyeupe ikiwa nyeusi mpaka magotini. Hata leo, miaka kumi na miwili baadaye, shemeji zake wakimwona wanamwuliza kama kanzu ya harusi imekauka.

"Nilikuwa nimelipima gari lile kila mahali," Sulemani anasema. "Injini, rejeta, chesisi. Nililipima tupu. Hakuna mtu anayeishi na gari tupu."

Aliliuza kwa bei ya mbuzi wachache. Tangu hapo amewachagulia wengine zaidi ya magari mia mbili, na yeye mwenyewe hana hata moja.

Sasa ni Jumamosi, mvua imeanza, na Ngendo amewaleta watu wake. Mama yake ni Wakonyo, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Shangazi yake ni Watiri, mnene na mwenye maneno. Wamenunua gunia la mbolea la kilo hamsini na debe la mafuta ya taa.

Gari jekundu ni la Ngatia, mwenye duka la nguo. Si mlaghai, na gari lake ni zima. Sulemani amelisikiliza likiwaka, amelala chini yake kwa tochi, amevuta kila waya, na hakupata la kusema. Ila Ngatia ameeleza wazi kwamba mnunuzi mwingine anakuja saa sita mchana na fedha mkononi. Ngendo ana asubuhi hiyo moja tu. Kwa miezi mitatu amekuwa akipita mbele ya duka lile kila mwisho wa wiki, ili alitazame tu.

Watiri anachukua muda mrefu kuingia kiti cha nyuma. Anasema hata ng'ombe huingizwa josho kwa heshima kuliko hivi. Mbolea inawekwa kwenye buti, Ngendo anashika usukani, Sulemani anakaa kando yake.

Kwenye lami gari linateleza vizuri mno. Ngendo anaendesha akitabasamu. Kisha wanakunja kona, wanaingia njia ya udongo mwekundu inayoshuka mtoni na kupanda mpaka kwao Ngendo. Tumbo la gari linakwaruza mgongo wa njia, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kwa kishindo. Wanavuka daraja. Katikati ya mlima magurudumu yanaanza kuzunguka bila kwenda, na harufu ya klachi inaingia ndani.

Sulemani anamtazama Ngendo. Hakuna aliyetoa amri. Wakonyo anamgusa bega fundi ili ampishe atoke. Yeye na Watiri wanashuka, wanavua viatu, na Wakonyo anajifunika nailoni kichwani.

Likiwa limepungukiwa na wanawake wawili, gari linapanda. Linanguruma, linatupa tope, linafika juu. Ngendo anazima injini. Katika kioo anamwona mama yake akija mlimani kwa mguu mmoja mmoja, viatu mkononi, akishika majani ya kando ya njia asianguke. Miaka yote Wakonyo ameipanda njia hiyo hivyo hivyo, na kahawa mgongoni.

Wanafika wakihema.

"Gari ni mzuri," Wakonyo anasema. "Imepanda."

"Ninunue, Maitu?" Ngendo anamwuliza mama yake.

"Nunua ile unapenda. Sisi tuko na miguu."

Watiri anajipangusa tope na kuuliza ati siku Ngendo akileta bwana nyumbani, huyo naye atashuka asukume na suti yake, ama suti italetwa kando. Ngendo hacheki. Anakaa akiwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili. Sulemani anasema baadaye kwamba wakati kama huo fundi mwenye akili hutazama nje ya dirisha, kwa sababu akisema neno, mteja atalichukia gari kwa ajili ya fundi, kisha kesho atalipenda tena.

Mwishowe Ngendo anasema, "Mzee, turudi mjini. Maitu, nyinyi ngojeni na mbolea kwa Gicheru, hapo chini ya mlima. Tutakuja."

Saa tano kasorobo anauweka ufunguo juu ya kaunta ya Ngatia. Ngatia anamwambia kwa upole kwamba atajuta, kwamba gari kama hili halitarudi Nyeri. Ngendo anakubali kwamba huenda atajuta. Anatoka nje, na hageuki kulitazama.

Gicheru, ambaye wale wanawake wanamngojea kwake, ni mwalimu mstaafu. Kando ya zizi lake kuna Renault 4 ya kijivu, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la Roho. Sulemani alimwonyesha Ngendo gari hilo mwezi uliopita. Ngendo aliuliza kama linauzwa pamoja na kuku, kwa sababu lilifanana na banda lao. Gia yake inachomoza mbele ya dereva kama mpini wa mwavuli, na vioo vyake havishuki, vinasukumwa kando.

Sulemani anaweka kiganja kwenye boneti. Ni baridi. Safari hii mlango wa nyuma unafunguliwa wote, mbolea inaingia na bado pana nafasi. Watiri anaingia kwa mara moja. Analalamika kwamba kiti kinambembeza kama machela, kisha anajiegemeza. Wakonyo anakaa mbele.

Roho linapanda polepole, likiyumba kama mwanamke aliyebeba mtungi. Pale katikati ya mlima, penye alama za magurudumu ya asubuhi, linasita. Ngendo anakaza mguu, Wakonyo anashika mpini wa mlango tayari kushuka.

"Kaa, Maitu," Ngendo anasema, bila kuondoa macho njiani. "Leo hushuki."

Halikusimama. Lilipofika juu liliendelea mpaka uani, majirani wakatoka wamejifunika magunia kutazama. Kila mtu alishuka, isipokuwa Wakonyo. Alibaki amekaa, mikono juu ya mapaja, mvua ikipiga bati la juu, akiwaitikia watu salamu kupitia kile kioo cha kusukuma. Ilibidi Watiri amwambie kwamba harusi imekwisha.

Ngendo alilipa shilingi elfu saba na mia mbili. Zilizobaki zitanunua matairi mawili.

Jioni ile, Sulemani akirudi Majengo, alipishana na gari jekundu likitoka mjini na mwenyewe mpya, kijana aliyevaa miwani ya jua katikati ya mvua. Alisimama kando ya njia akalitazama mpaka likapotea. Anakiri hilo bila haya. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiweka fedha kidogo kidogo, na mwaka huu zimetimia, lakini kila akienda kujitafutia gari, macho yake huenda kwenye lile la chini, lenye viti vya ngozi.

"Ya watu nayaona," anasema. "Yangu siyaoni. Nikiachwa peke yangu nitanunua lile lile la mwaka wa sitini na nne."

Kwa hiyo amepata fundi wake. Amemwomba Ngendo amchagulie, na Ngendo amekubali, kwa shilingi ishirini na kwa sharti kwamba mzee atakaa nyuma na hatasema kitu. Mvua za vuli zikianza Oktoba watakwenda Kutus kwa njia ya Mwea, ile ile ya udongo mweusi. Mwanasiti ameshasema atakaa mbele. Dawud atatoka kazini mapema, na gunia la mchele limeshaagizwa.

Gari lenyewe bado halijulikani liko wapi. Abiria wake wako tayari.