Fundi Bomba, Nusu ya Darubini na Mdiria wa Bwawani

Habari hii kanipa fundi mwenyewe, wiki iliyopita, akiwa amelala chali chini ya sinki langu, miguu nje, sauti ikitoka kule ndani kama ya mtu aliye kisimani. Spana ilifanya kazi yake na mdomo ukafanya yake. Bomba lilipoacha kudondosha nilikuwa nimeshapata yote, ya ndege, ya mke na ya nusu ya darubini.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili. Jua halijapanda juu ya ukuta wa bwawa linalolisha mji maji. Fundi bomba amepiga goti kwenye umande, koti la kazi limelowa magotini. Mbele yake imesimama miguu mitatu ya bomba la chuma, imeungwa juu kwa kiungo cha njia tatu. Juu ya miguu hiyo imefungwa darubini ya jicho moja, na nyuma ya darubini imeng'ang'ania simu yenye kioo cha ufa.

Mlinzi wa bwawa anapita na tochi yake ambayo hajakumbuka kuizima.

"Fundi! Bwawa lote hili, ndiyo unatafuta linapovuja?"

"Natafuta ndege."

"Ndege anavuja?"

Fundi anarudisha jicho kwenye simu. Anamjua mlinzi huyu, ukimpa neno moja anakurudishia kumi.

Darubini ilikuwa ya macho mawili kama wenzake. Mteja mmoja aliyeiangusha toka ghorofani alimpa fundi kama nyongeza ya ujira, akisema atupe au atumie, shauri yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Fundi akalikata kwa msumeno wa chuma, akabaki na la kulia. Mtaani wakampa jina papo hapo, Jicho Moja.

Kile kishikio cha kuunganisha simu na darubini kinauzwa madukani, lakini bei yake inataka fundi azibue vyoo miezi miwili bila kula. "Nikasema, ala! Si kiungo tu kile? Mimi ni mtu wa viungo." Akachukua kava la zamani la simu, akaligundishia kipande cha bomba la plastiki pale penye jicho la kamera. Ndani ya bomba akaweka mpira wa duara, ule wa kuzuia maji, ili darubini ikae bila kucheza. Kupiga picha haigusi simu, maana ikiguswa inatikisika. Anabonyeza kitufe kilicho kwenye waya wa hedifoni.

Picha ni za nini? Hapo inabidi tumwingize mkewe.

Mkewe alikuwa dobi. Miaka mingi alipiga pasi kwenye dirisha linalotazama miti, na ndege akawajua pale kama wengine wanavyowajua wateja. Ndiye aliyemfundisha mumewe. Kila Jumapili walikuwa wakienda bwawani wawili, na rafiki yao mkubwa alikuwa mdiria mmoja, mweupe mwenye madoa meusi. Anaelea hewani palepale kama aliyetundikwa kwa uzi, halafu anajitupa majini kichwa chini. Mke alimwita Mpiga Mbizi.

Kisha mama huyo akaanguka ngazini na nyonga ikavunjika. Hospitali wakamwambia mume kwamba mwendo mrefu basi tena. Yeye akarudi kitandani kwa mkewe, akasema, "Miezi miwili tu, mama watoto, utakimbia." Miezi ikapita. Mke akaja kuambiwa ukweli na muuguzi aliyedhani anaujua tayari.

"Hakunigombeza," fundi anasema. "Afadhali angenigombeza."

Tangu siku hiyo kila neno lake tamu linapimwa. Alipoanza kwenda bwawani peke yake, akarudi akasema, "Nimemwona Mpiga Mbizi, mzima kabisa," mke aliitikia, "Haya." Jumapili iliyofuata, "Haya." Ya tatu alikuwa amegeukia ukuta.

Mara moja tu alifungua moyo. "Baba watoto, njia ya mwongo fupi. Ndege kama kafa, sema kafa. Usinibembeleze kama mtoto."

Fundi akaona hapo maneno yamekwisha kazi. Kinachotakiwa ni ndege mwenyewe afike chumbani.

Lakini mazoea yana taabu. Fundi bomba hakiamini kiungo ambacho hakijaonja maji. Alipomaliza kukitengeneza kishikio chake alifanya alivyofanya maisha yake yote. Akakizungushia tepu nyeupe, akakijaza maji, akaziba kwa kiganja, akahesabu pumzi. Hakuna tone. Akafurahi, akafuta kwa fulana, akafunga kila kitu barabara, akalala.

Asubuhi mdiria alikuja. Alikaa kwenye chuma cha lango la maji, akaelea, akazama, akaibuka na samaki, akampigiza yule samaki kwenye chuma. Fundi alibonyeza mpaka kidole kikauma. Kwenye simu kulikuwa na weupe mtupu. Akapangusa kioo cha simu, akapangusa darubini kwa mbele, weupe ukabaki. Mdiria akashiba, akaondoka zake.

Nyumbani alimpa mkewe simu. Mke akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Umepiga picha za shuka?"

"Ni ndege huyo."

"Basi nimeshamfua."

Fundi anasema kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu siku ya ngazi. Hata yeye akacheka, ingawa roho ilikuwa inamchoma. Mke akajiinua kwa kiwiko.

"Lete hicho kidude."

Akakigeuza geuza. Akatia kidole ndani, akagusa ule mpira, akanusa kidole. "Hiki umekitia maji?"

"Nilikijaribu. Hakivuji hata chembe."

"Ndiyo ugonjwa wake. Mpira umenywa maji, wewe umeufungia humo. Asubuhi baridi, simu ina joto. Mvuke utokee wapi? Mimi nimepiga pasi miaka yote ile, mvuke ukikosa mlango unakaa palepale ukutazame. Kitoboe."

"Nikitoboe?"

"Kitoboe, bwana."

Tangu ajifunze kazi hakuwahi kutoboa kiungo kizima kwa makusudi. Anasema mkono ulisita, kama mtu aliyeambiwa amkanyage paka. Mwishowe alichukua keekee, akatoboa matundu mawili upande wa chini ili mwanga usiingie, na ule mpira akauanika dirishani. Mkewe akausimamia wiki nzima. Kila mara aliugeuza, na watoto wa jirani walipotaka kuuchezea aliwafukuza kwa gongo.

Ndiyo hii Jumapili tuliyoanza nayo. Mlinzi amekwenda kunywa chai. Upepo umelala. Mdiria anakuja kutoka upande wa kingo za udongo, anakaa kwenye chuma kilekile, anajikung'uta. Kwenye simu anaonekana hadi unyoya uliosimama kisogoni. Fundi anabana pumzi, anabonyeza.

Njiani hasimami na mtu. Mteja mmoja anamwita kuhusu tangi, anamjibu kwa kupunga spana.

Anapanda ngazi zile mbaya, anaingia, anamwekea mkewe simu mkononi. "Huyo. Mpiga Mbizi wako. Sasa sema nakudanganya."

Mke anavaa miwani. Anaivuta picha kwa vidole viwili, inakuwa kubwa, anaisogeza kushoto, anairudisha.

"Huyu siye."

"Siye vipi? Kila Jumapili namwona!"

"Tazama kifua. Mpiga Mbizi ana mikanda miwili myeusi. Huyu ana mmoja, tena haukukutana katikati. Huyu jike." Akavua miwani, akamtazama mumewe uso kwa uso. "Wiki zote hizo ulikuwa unaniambia habari za huyu?"

"Nilidhani ndiye. Wallahi nilidhani ndiye."

"Kumbe hukunidanganya," mke akasema polepole. "Ulikuwa huoni tu." Akaanza kutikisika kwa kicheko. "Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe na jicho lako moja, uambiwe!"

Mchana ule aliuliza maswali mpaka fundi akachoka. Alikuja toka upande gani? Alikula samaki palepale au aliondoka naye? Fundi akakumbuka kwamba samaki wa mwisho asubuhi ile ndege hakumla, alimbeba akaenda naye kwenye kingo za udongo. Mke akapiga paja, lile zima. Ndege hawa huchimba shimo kwenye kingo na kutaga humo. Jike habebi samaki bure, kuna anayemsubiri. Na penye shimo, pengine dume naye yupo.

"Pengine," akarudia. Kisha akamnyooshea kidole. "Na kama hayupo, uniambie hayupo."

"Nitakuambia."

Mpango wa fundi sasa ni mkokoteni wake wa kubebea mabomba. Anataka kuufungia kiti chenye mgongo, magurudumu ayavishe mpira, ampeleke mkewe bwawani aziangalie zile kingo mwenyewe. Kumshusha ngazi atamwomba mlinzi wa bwawa, ambaye amekubali kwa sharti kwamba ataonyeshwa huyo ndege anayevuja.

"Sharti langu na mimi," mke akasema. "Usinifunge tepu. Mimi si bomba."

Jioni ile, redio za majirani zikiwa bado zinasema, mke alipitiwa na usingizi na simu kifuani. Fundi akaichukua isije ikaanguka. Akaivuta picha kwa vidole viwili, kama alivyomwona mkewe akifanya, akaangalia kifua cha ndege. Mkanda mmoja. Kweli haukukutana. Akaizima simu, akajinyoosha upande wake wa kitanda, naye akalala.